Kuongeza chaji bila waya kwenye simu isiyokuwa nayo, kwa matumizi ya garini (Mbeya – Tukuyu)

DadaParachichi, Tukuyu

Mwagonile wadau. Naomba mawazo ya mafundi simu na ya watu wa magari kwa pamoja, maana jambo langu limekaa katikati yao.

Kazi yangu ni kununua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na Busokelo. Kiwira, Ushirika, Masoko, na msimu ukikolea nafika mpaka Lwangwa. Gari ni Probox. Malipo yote yanapita kwenye simu. Mkulima akishapimiwa kreti zake anasimama palepale, simu mkononi, akisubiri ujumbe wa muamala, na ana haki ya kusubiri hivyo, kwa sababu tunda likishapanda kwenye gari hana tena cha kushika. Siku simu ikizima kabla sijamlipa mtu wa mwisho, naumia kuliko yeye. Mama wa watu anabaki ananitazama, na mimi sina neno la kumpa zaidi ya ahadi.

Shida ni waya. Nikiingia garini nachomeka, nikishuka nachomoa, nikirudi nachomeka, nyumba kwa nyumba siku nzima. Sasa tundu la chaji limelegea. Waya ukiingia unacheza, na gari likipanda tuta chaji inakatika, inarudi, inakatika tena. Halafu kuna mvua yetu, ambayo wa huku mnaijua. Nikishika simu kwa mikono mibichi, kioo kinaleta alama ya tone la maji na simu inakataa kabisa kupokea chaji mpaka tundu likauke.

Simu haikuja na chaji bila waya. Ni Android ya bei ya kati, tundu ni Type-C, betri mAh 5000, na inafanya kazi vizuri, sitaki kuibadilisha. Mwanjelwa nimeona vile vibandiko vyembamba vyenye koili (waya uliozungushwa duara) ndani, vina kimkia cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Unakibandika mgongoni mwa simu kisha unavalisha kava. Muuzaji ananiambia nikishafunga hicho, garini naweka kibao tu na simu inajichaji ikilazwa juu yake.

Nauliza kwa dhati: kitu hiki kinafaa kwa gari linalopanda na kushuka milima hii? Betri haitaharibika? Na kwa kuwa tundu langu limeshalegea, nianzie wapi?

---

FundiKoili, Mbeya mjini

Dada, pole na kazi. Mimi natengeneza simu hapa Mbeya, na swali lako limenigusa, kwa sababu wateja wengi wanakuja na kibandiko hicho wakiamini kinaliponya tundu. Hakiliponyi. Tazama kimkia chake kinaingia wapi: kwenye tundu lile lile. Umeme unatoka kwenye kibao, unaingia kwenye koili ya mgongoni, unashuka kwenye kimkia, kisha unapita tunduni kama ambavyo ungepita ukitokea kwenye waya. Tundu likicheza, chaji hiyo nayo itacheza. Faida ya risiva (ndivyo tunavyokiita hicho kibandiko) ni kulipumzisha tundu ambalo bado ni zima, lisichomekwe na kuchomolewa kila mara. Kwa hiyo anza na tundu.

Na kabla hujalipia tundu jipya, fundi wako alitazame kwanza kwa lenzi. Mara nyingi nyuzi za mfukoni na vumbi vinajishindilia chini ya tundu, na kila unapochomeka unazidi kuvibana, mpaka waya haufiki mwisho. Simu izimwe, uchafu utolewe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano usikubali, inaweza kuumiza ule ulimi wa katikati. Ukishasafishwa, waya ukiingia na kukaza kama zamani, umepona bila gharama. Ukiwa bado unacheza, badilisha sistimu ya chaji. Kwenye Android nyingi za aina yako tundu limekaa kwenye kijibodi chake chini ya simu, kimeunganishwa na bodi kubwa kwa mkanda, hivyo kinatoka chenyewe bila kuigusa bodi kubwa. Taja modeli yako kwa ukamilifu, herufi na namba zote, usikubali kinachofanana. Na mara nyingi maiki ya kuongelea iko kwenye kijibodi hicho hicho, kwa hiyo kabla hujaondoka kwa fundi piga simu moja uhakikishe mtu wa upande wa pili anakusikia.

Kuhusu tone la maji, hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Simu yenye koili ya kiwandani inaendelea kuchaji kwenye kibao hata tundu likiwa na unyevu, kwa kuwa umeme wake haupiti tunduni. Risiva ya kubandika haina nafasi hiyo. Simu ikilalamika maji, chomoa kimkia, acha tundu likauke kwa hewa. Usilipulizie hita ya gari.

Sasa nguvu, mahali ambapo wauzaji wengi wananyamaza. Risiva nyingi za kubandika, zikiwa katika hali yake nzuri, zinatoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Nyingine hazifiki hapo. Betri ya mAh 5000 inabeba kama wati-saa 19. Maana yake saa nzima juu ya kibao, kioo kimezimwa, inakupa robo ya betri hivi, na hapo nimekadiria kwa upande wa juu. Ukiwasha ramani, data na mwanga wa kioo, simu yenyewe inaweza kula wati 2 au 3 wakati huo huo, na kinachobaki kuingia kwenye betri ni kama nusu. Kwa hiyo kutoka Mbeya hadi Tukuyu usitegemee simu iliyobakiwa na asilimia 10 ifike imejaa. Tegemea isishuke. Kwa mtu anayeingia na kutoka garini tangu asubuhi mpaka jioni, kutoshuka ni jambo kubwa.

Kazi yenyewe ni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: umeme unaobadilika kwenye koili moja unaamsha umeme kwenye koili nyingine iliyo jirani, bila kugusana. Kibao kinabadilisha umeme wake zaidi ya mara laki moja kwa sekunde. Vifaa vyote hivi vinafuata utaratibu mmoja unaoitwa Qi, uliowekwa na umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2008, ndiyo maana risiva ya kampuni moja inaelewana na kibao cha kampuni nyingine. Lakini neno "jirani" ulichukulie kwa uzito. Ni milimita chache tu. Kava nene la mpira, lile la kuzuia simu isipasuke, linatosha kuua chaji. Na koili mbili zikipishana kwa upana wa kidole, umeme mwingi unageuka joto, au kibao kinazima kabisa.

Ukinunua, soma upande. Risiva ina upande wa koili na upande wenye karatasi nyeusi ya feraiti, ambayo kazi yake ni kuzuia nguvu ya sumaku isiingie kwenye betri na vyuma vya simu. Feraiti iigeukie simu, koili iangalie nje. Nimeshapokea simu zilizobandikwa kinyume, mwenyewe akidhani kaibiwa. Na kama kuna msomaji hapa mwenye simu ya zamani ya tundu dogo la micro-USB, jua ziko za aina mbili, A na B, kwa sababu tundu hilo lina juu na chini. Ya kwako ni Type-C, inaingia pande zote mbili, wewe angalia tu kwamba kimkia kinakunjika kuelekea mgongoni bila kujivunja.

---

UmemeWaGari, Iringa

Kamwene dada, na heshima kwa fundi hapo juu, amemaliza upande wa simu. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Ipogolo. Niongeze upande wa gari, kwa kuwa risiva nzuri kwenye gari lililofungwa vibaya haitakusaidia kitu.

Kwanza, kibao cha kulaza usinunue. Kile ni cha mezani. Kwenye barabara yenye matuta na kona kama za kushuka Kiwira, simu itateleza, koili zitapishana, chaji itakatika na kurudi. Na kila inaporudi simu inawasha kioo na kupiga mlio, inakula ile chaji kidogo iliyoingia. Nunua holda yenye koili ndani, ile yenye mikono miwili inayobana simu kwa pembeni na kimguu cha kuishikilia kwa chini. Hakikisha kimguu kinapanda na kushuka, ili uweze kulinganisha katikati ya risiva na katikati ya holda. Hilo la kimguu ndilo watu hawaliulizi dukani, kisha wanarudi kulalamika. Tena kwako kuna kimkia kinachotokeza chini ya simu: kimguu kisikikanyage.

Pili, mahali pa kuifunga. Watu wa nyanda za juu tunajidanganya kwamba kwetu baridi, joto si tatizo. Sikiliza. Juni na Julai asubuhi unawasha hita ili ukungu utoke kwenye kioo. Holda ikiwa imening'inia kwenye tundu la hewa la dashibodi, hewa ya moto yote inapiga mgongo wa simu, palepale risiva ilipo, na risiva yenyewe tayari inatoa joto lake. Ikiwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele, hewa ya kuondoa ukungu inapanda moja kwa moja. Kisha siku unayoteremka Kyela, au ukienda Chimala na Igurusi, jua linapiga dashibodi mpaka huwezi kuweka mkono. Betri za lithiamu haziupendi moto. Apple wanataja nyuzi 0 hadi 35 kuwa ndiyo hali ya hewa inayofaa kutumia simu zao, na ndani ya gari lililoegeshwa juani unavuka hapo upesi. Simu ikipata moto inapunguza chaji yenyewe au inaikataa kabisa. Kwa hiyo usiogope kwamba italipuka mkononi, ila ikichemka kila siku betri inazeeka kabla ya wakati.

Ushauri wangu kwa Probox: funga holda chini, karibu na redio, mbali na kioo. Ukiitundika kwenye tundu la hewa, basi tundu hilo lifunge unapowasha hita, na lifungue unapoingiza hewa baridi. Hewa baridi mgongoni mwa simu ni nzuri sana, inasaidia chaji.

Tatu, umeme wa kuilisha holda. Kuna watu wanachomeka holda kwenye tundu la USB la redio. Redio nyingi zinatoa nusu ampea au ampea 1, na holda inataka zaidi ya inachotoa, kwa kuwa sehemu ya umeme inapotea njiani kama joto. Ili upate wati 5 mgongoni mwa simu, lisha holda kwa volti 5 na ampea 2. Nunua kichwa cha chaji cha gari chenye maandishi hayo, kichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara. Kama unataka fundi akufungie waya wa kudumu, achukue moto (umeme) kwenye njia inayowaka ufunguo ukiwa ACC, yaani pale redio inapowaka injini ikiwa bado imezima, aweke fyuzi yake ndogo karibu na pale anapouchukua huo moto, kisha kishusha volti ndipo kifuate. Asichukue moja kwa moja kwenye betri bila swichi, holda itabaki inanyonya usiku kucha. Na asiuunganishe kwenye waya wa taa. Kuna gari la mteja nililolifungua, waya wa redio ulikuwa umeyeyuka kwa sababu mtu aliunganisha bila fyuzi. Hili nalisema kwa uchungu, fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana.

---

Njia_ya_Tunduma

Habari dada. Naendesha lori Dar – Tunduma. Lori ni volti 24, kwa hiyo nasema kwa niaba ya wenye Fuso na Scania watakaosoma: kichwa cha chaji kiwe kimeandikwa 12–24V. Cha volti 12 pekee kitaungua.

Ila kwako dada, mbona usitumie waya wa sumaku? Kuna kincha kidogo kinabaki tunduni muda wote, na waya unakinasa kwa sumaku. Ukinyanyua simu, unaachia. Chaji ni ya haraka kuliko koili na simu haichemki. Mimi natumia huo, Kitonga nzima haukatiki.

Na kitu kingine. Kama una kile kibati cha chuma cha kubandika nyuma ya simu kwa ajili ya holda za sumaku, kitoe kabla ya kutumia koili. Chuma kikikaa katikati ya koili mbili kinapata moto.

---

FundiKoili, Mbeya mjini

Kaka wa Tunduma, wazo lako ni zuri na lina faida zake, hasa kwenye kasi. Nina wasiwasi nalo kwa dada huyu tu. Anashika kreti, anashuka kwenye udongo mbichi, na ile sumaku iliyo wazi inavuta chembe za chuma. Zikikaa kwenye pini za waya zinaweza kugusanisha njia za umeme. Ndani ya lori lako simu inakaa mahali pamoja masafa marefu. Yake inaenda shambani na kurudi. Akiuchagua, awe anafuta kincha kila jioni kwa kitambaa kikavu, na asinunue ule usioandikwa hata ampea zake.

Kuhusu kibati nakuunga mkono kabisa. Holda nzuri inatambua chuma na kujizima, lakini za bei ya chini usizitegemee kwa hilo. Pete ya sumaku ya kuizunguka koili, kama Apple walivyoanza nayo kwenye iPhone 12 mwaka 2020, na kama Qi2, toleo jipya la Qi, iliyotangazwa mwaka 2023, hiyo ni habari nyingine: pete ina uwazi katikati, koili inapumua hapo, na sumaku zinaleta koili mbili mahali pake bila kubahatisha.

---

UmemeWaGari, Iringa

Hapo kwenye waya wa sumaku mimi na fundi tunatofautiana kidogo. Kwa mvua ya Tukuyu na mikono mibichi, dada anahitaji kitu cha kutua na kunyanyua kwa mkono mmoja bila kutazama chini, hasa akiwa ndiye dereva. Waya wa sumaku bado unautafuta ulipoangukia, sasa uko kwenye gia, sasa uko chini ya kiti. Sababu yangu kubwa ni hiyo ya macho kutoka barabarani, chembe za chuma zinakuja baadaye. Holda yenye koili nampa kura.

---

DadaParachichi, Tukuyu

Ndaga fijo, nyote. Sikutegemea majibu yenye uzito hivi.

Fundi wa hapa Tukuyu amelitazama tundu. Uchafu ulikuwemo kweli, ametoa kipande cha nyuzi kilichoshikamana kama ugoro, lakini hata baada ya hapo waya bado unacheza. Kijibodi kinaagizwa Mbeya, nimeandika modeli yote kama mlivyosema.

Bado nina mambo mawili. Usiku nyumbani nitachajije? Nimezoea chaja ya waya, inajaza haraka kabla sijalala, lakini nikichomoa kimkia kila usiku si narudi kule kule kwenye kuchosha tundu? La pili, nyuma ya simu, ndani ya kava, huwa naweka kadi ya benki na noti kidogo za dharura. Sehemu nyingi ninakokwenda hakuna mahali pengine pa kuweka kitu kisilowe.

Na kaka wa Tunduma, nimekuelewa, lakini hoja ya kutotazama chini imeniingia. Barabara ya Masoko ina watoto wa shule.

---

FundiKoili, Mbeya mjini

Kadi itoke, dada. Itakaa katikati ya koili mbili, mahali pabaya kuliko pote. Ule ukanda mweusi wa sumaku unaweza kufutika, na chipu ya kadi inaweza kuharibiwa na nguvu ya kibao. Noti nazo zinaongeza unene na kutunza joto. Tafuta mfuko mdogo wa nailoni wenye zipu, uvae shingoni ndani ya sweta, huko hakulowi. Ukitumia simu kugusisha kwenye malipo au kusoma kadi, jua pia kwamba risiva ya mgongoni inaweza kuziba uwezo huo. Miamala ya kawaida ya menyu na ya programu haiguswi kabisa, kwa hiyo wakulima wako wako salama.

Kuhusu usiku: kuchomoa mara moja kwa siku si sawa na kuchomoa kila nyumba. Tundu la Type-C limetengenezwa kuvumilia kuchomekwa mara nyingi sana. Kinachoua ni kuchomoa kwa pembe, kwa haraka, na kuacha waya ukining'inia huku gari linaruka. Kwa hiyo usiku, ukiwa umetulia mezani, shika kichwa cha kimkia chenyewe, usivute utepe wake, toa moja kwa moja, chaji kwa waya wako wa haraka, asubuhi rudisha. Utepe wa kimkia ni mwembamba na ndio unaokatika kwanza, kwa hiyo kama unaona asubuhi zako ni za haraka, nunua kibao cha mezani uweke kando ya kitanda, simu ilale juu yake usiku mzima. Saa sita au saba zinatosha kuijaza polepole, na kimkia hukigusi.

Kijibodi kikishafungwa, shuka Mwanjelwa na simu ikiwa ndani ya kava lake lile lile unalotumia shambani. Mwambie muuzaji aichomeke risiva, avalishe kava, kisha aiweke kwenye holda unayoitaka, mbele yako. Subiri pale kama dakika kumi. Mgongo ukiwa wa vuguvugu ni sawa. Ukiwa wa moto kiasi cha kuondoa mkono, au alama ya chaji ikipotea ukiitikisa holda, badilisha kava liwe jembamba kwanza, ndipo ubadilishe risiva.

---

UmemeWaGari, Iringa

Na holda ukiipata, usifunge kwa gundi siku hiyo hiyo. Iweke kwanza kwa muda, endesha kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole, uone kama mkono wako wa gia unaigonga. Ndipo ubandike.